Nailoni Kwenye Mfuniko wa Tangi

Yustina mwanangu,

Mama yako yuko chumbani anapanga na kupangua begi lako, na wewe umekwenda kumuaga shangazi yako, kwa hiyo nimepata nafasi. Habari za sweta, za kutokula ovyo njiani, za kutomwachia mtu mzigo wako basi likisimama Lusahunga, hizo mama yako amekwisha kukupa na atakupa tena kesho mguu wako mmoja ukiwa ndani ya basi. Mimi huko sina la kuongeza. Ninalo jambo moja tu, na nikilisema kwa mdomo nitaliharibu. Unanijua, nikiwa na uchungu naishia kutania, halafu watu wanadhani nina furaha.

Juzi nilikuletea simu yangu nikakwambia imekufa. Hukuigusa. Uliniuliza, "Imekufaje, baba?" Nikakujibu kwamba kufa ni kufa. Ukacheka, ukataka kujua nilikuwa nabonyeza nini kabla, kama kioo kiliandika neno lolote, kama ilizimika ghafla au iligoma kidogo kidogo. Mimi nikanyamaza, na nadhani ulifikiri nimeudhika. Sikuudhika hata chembe. Swali hilohilo, imekufaje, niliulizwa nikiwa kijana, nimeshika baiskeli yangu nyuma ya duka moja pale Biharamulo mjini, mwaka wa vita. Nilishtuka kulisikia tena nyumbani kwangu, kwa sauti yako.

Kazi yako hii unayoisafiria nimeielewa sasa, ingawa ulinieleza mpaka ukachoka. Kuna watu wanatengeneza programu za simu, na wewe unazitumia kabla hazijafika kwa wananchi. Ukikuta kasoro unawaandikia waliozitengeneza, ili wairekebishe. Nilipoielewa nilijivuna nayo mpaka kilabuni kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, wazee wenzangu wakaniomba niwapumzishe. Lakini mama yako ameniambia ulichomwambia jikoni. Kwamba katika miezi ya majaribio uliandika kasoro moja, ile programu kujifunga mtu akiwa katikati ya kujaza habari zake, wakakujibu kwamba kwao inafanya kazi vizuri. Hakuna zaidi. Na tangu siku ile ukiona kasoro mkono unasita, na ulifikiria hata kuiacha kazi yenyewe. Mimi nilipokuuliza mambo yanakwendaje, ulisema, "Nzuri tu, baba."

Sikukasirika kwa hilo pia. Ila limenifanya nikukalie kitako na kalamu, nikusimulie habari za babu yako Venansi, mzaa mama, ambaye hukumkuta hai. Unajua tu kwamba alikuwa mwendesha mashine ya kusaga. Hujui alichokifanya.

Tulipohamishiwa kijijini wakati wa Ujamaa, watu walitoka kwenye migomba yao huko walikokuwa wametawanyika, wakapanga nyumba mistari miwili, na wengi walinung'unika. Mimi nilikuwa kijana, nilifurahia majirani. Kilichowanyamazisha wanung'unikaji ilikuwa mashine. Kabla ya hapo mama yangu alitwanga na kusaga kwa mikono mpaka viganja vikawa vigumu kama kisigino. Ilipokuja injini ya dizeli na kinu chake, tukaijengea kibanda cha udongo chenye paa la bati, wakati nyumba zetu zote zilikuwa za nyasi. Hapo utajua tuliiheshimu kiasi gani. Mkutano wa kijiji ukamchagua Venansi aiendeshe, kwa sababu hakuwa mlevi na hakuwa na haraka. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua kali.

Vita ilipoanza tuliisikia kwanza redioni, kisha tukaiona barabarani, malori ya askari yakipita Lusahunga moja baada ya jingine. Kijiji chetu kikatakiwa kusaga unga kwa ajili ya askari. Tulikubali kwa moyo, hilo sikudanganyi. Kila nyumba ilileta mahindi, hata zile zilizokuwa hazina. Magunia yakapangwa kibandani mpaka karibu na paa, tukaambiwa lori litapita kuchukua unga siku chache zijazo. Na katikati ya shughuli hiyo mashine ikaanza kufa.

Ilikuwa inawaka vizuri, inasaga, kisha inapungukiwa na nguvu na kuzima. Watu wanafungua tangi kuona kama dizeli ipo. Ipo. Wanafunga, wanalaumiana, Venansi anazungusha hendeli, inawaka tena, inasaga, inakufa tena. Katibu wa kijiji akaniita kwa sababu nilikuwa na baiskeli, akaniambia nikimbie mjini nikamwite Fundi Salumu.

Fundi Salumu alikuwa mtu wa mjini, babu zake walikuja kutoka pwani zamani za biashara za misafara. Kiswahili chake kilikuwa laini, na sisi tuliokuwa tukikisema kwa kukwaruza tulimwonea wivu. Nilimkuta amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

"Mashine ya kijiji imekufa."

"Imekufaje?"

"Imekufa tu, fundi."

Akajivuta akatoka chini ya gari, akanitazama usoni. Akaniuliza kama ilitoa moshi, na wa rangi gani. Kama inazima ikiwa ya moto au hata ikiwa baridi. Kama ikishazima inakubali kuwaka tena. Kama kuna kitu chochote kilichobadilika siku za karibuni. Yustina, mambo hayo mengi nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu mawili! Nilikuwa nimesimama palepale kibandani. Lakini mimi nilitumwa na neno moja, imekufa, na nikalishikilia. Nilimjibu kwamba sijui, afadhali aje aone. Basi akachukua vipuri kwa kubahatisha, chujio la mafuta na nozeli, akaomba lifti kwenye lori kesho yake.

Sasa sikiliza tulichokifanya sisi kumngoja. Mgeni anakuja, tena fundi, tena kutoka mjini. Akina mama walifagia kibanda, wakasiriba sakafu kwa udongo na samadi mpaka ikawa laini. Vijana tuliisugua injini kwa majivu na matambara, hatukuacha tone la mafuta wala punje ya unga. Mama yangu alichinja kuku. Fundi alipofika alikuta mashine inang'aa kuliko siku tuliyoipokea, na watu wamesimama mlangoni kama wanangoja picha.

Akaiwasha, ikawaka. Akasaga gunia zima, ikasaga. Akasaga la pili. Sisi tunatazamana. Akaifungua hapa na pale, akanusa, akasikiliza, akala kuku wetu, akafuta mikono.

"Jamani, mimi kwangu mashine hii ni nzima," akasema, na akaenda zake.

Kesho yake asubuhi ikafa.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya. Katibu wetu hakuwa mtu mbaya, nataka ujue hivyo. Kaka yake alikuwa mstari wa mbele na hawakuwa wamepata habari zake. Usingizi ulikuwa haumpati. Alisimama mbele ya watu akasema kwa sauti ya chini, "Fundi akiwepo inasaga. Fundi akiondoka inakufa. Mashine ina macho?" Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja, maana kila mtu aligeuka akamwangalia Venansi. Neno hujuma lilikuwa rahisi sana kinywani mwaka ule, na kulitoa mtu akishabandikwa ilikuwa kazi. Ikaamuliwa kwamba lori likifika na unga haupo, Venansi atapanda lori hilohilo apelekwe bomani akajieleze. Alikuwa na mke na watoto wadogo wanne. Mama yako alikuwa wa mwisho, bado anajifunza kutembea.

Katibu alikubali nirudi kwa fundi mara moja zaidi. Nilikanyaga baiskeli nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Mtu umemtoa mjini, umempotezea siku, umemfanya aonekane hajui kazi, halafu unarudi na habari ileile. Fundi Salumu hakunifukuza. Ndiyo sababu mpaka leo nikipita pale nyuma ya duka, ingawa pamejengwa upya, nafsi yangu inamwamkia. Aliuliza tu, "Nilipokuja mliiosha?"

Nikasema kwa fahari kwamba tuliiosha sana.

Akafumba macho kidogo. "Rudi uwaambie wasifagie. Wasioshe. Kuku abaki na uhai wake. Nataka niikute kama ilivyokuwa ilipokufa, na nataka anayeshika hendeli awepo."

Mama yangu alipopata ujumbe huo alijiona ametukanwa kweli. "Mgeni aingie kwenye vumbi? Tumekuwa wanyama?" Ilibidi katibu mwenyewe aweke mtu mlangoni kuzuia akina mama wasipitishe ufagio.

Fundi alifika mchana. Kibanda kilikuwa na vumbi la unga mpaka kwenye kope za watu. Katibu alisimama mlangoni na mgambo wawili. Fundi akawasalimu wote, kisha akawapa mgongo, akazungumza na Venansi peke yake, kwa ule upole wake.

"Ndugu yangu, sijaja kutafuta mkosaji. Nionyeshe tu unavyofanya kila siku, tangu unapofungua mlango."

Venansi hakusogea. Nilikuwa karibu naye, nikaona shingo yake inatoka jasho. Nilidhani anaogopa mashine itawaka na kusaga vizuri kama mara ya kwanza, na kweli kwa mtu aliye katika hali ile hilo ndilo lingekuwa la kuogopa. Kumbe alikuwa anaamua jambo jingine.

"Fundi," akasema, "siku ire urivyokuja, kuna kitu kimoja hakikuwepo."

Ndivyo alivyosema, maana kwetu l na r hazijawahi kuelewana, na akiwa na hofu alizichanganya zaidi. Akainama nyuma ya magunia, akatoa kipande cha nailoni kilichokuwa cheusi kwa dizeli na ukanda wa mpira wa baiskeli. Ule mpira niliutambua. Nilimpa mimi, ulikuwa wa tairi langu la ndani lililotoboka.

"Mafuta yaripokuwa ya shida, nikawa nafunika tangi kwa hii. Yasipotee hewani, na vumbi risiingie. Siku urivyokuja niriitoa. Niriona aibu, mgeni ataona nairon chafu kwenye mashine ya kijiji. Urivyoondoka nikairudisha, na reo nimeitoa tena."

Mgambo mmoja akamtazama katibu. Babu yako aliuona mtazamo ule, maana alikuwa amewaelekea. Akaufunika mdomo wa tangi kwa nailoni, akaikaza na ule mpira, akarudisha mfuniko juu yake, yote polepole, kila mtu aone. Kisha akazungusha hendeli.

Ikawaka. Ikasaga. Unga ukatoka. Kwa muda nilisikia moyo unaniambia kwamba haitazima, na isipozima babu yako amekwisha. Kisha mlio ukaanza kushuka, mkanda ukapwaya, injini ikapiga kama kikohozi na kunyamaza.

"Nyamazeni wote," fundi akasema, ingawa hakuna aliyekuwa anasema neno. Akalegeza mfuniko, akainua ukingo wa nailoni kwa kidole. Tukasikia hewa ikiingia, fyuuu, kama mtu aliyetoa kichwa majini.

Fundi Salumu akacheka mpaka akakaa kwenye gunia. Akatuonyesha katundu kadogo juu ya mfuniko, kembamba kama tundu la sindano, ambako siku zote tulidhani ni kutu. Tangi nalo linahema, akatuambia. Mafuta yakishuka kwenda kwenye injini, lazima hewa iingie mahali pake. Mkiziba kote, mafuta yananing'inia hayashuki, injini inakufa na njaa huku chakula kipo. Mkifungua kuchungulia, hewa inaingia bila nyinyi kujua, ndiyo maana inakubali kuwaka tena.

Katibu akasogea mbele. "Kwa hiyo aliyeiziba ni yeye."

"Ni yeye," fundi akajibu. Hakupunguza neno. "Na aliyenionyesha ni yeye. Angenificha hii nailoni leo, ningefungua injini yote, ningebadilisha kila kitu, na kesho ingekufa tena. Wewe unataka unga. Unga umepewa na nani?"

 Katibu akavua shati, akainua gunia la mahindi akaliweka karibu na kinu, akawaambia wale mgambo waache kusimama kama nguzo. Walisaga mpaka usiku, na lori lilipofika lilipakia unga, halikupakia mtu.

Miaka ikapita, mama yako akakua, nikaenda kuposa kwao. Nilikuwa mtu mzima kidogo wakati huo, nimechelewa kuoa, babu yako akanitania kwamba pengine nami tundu la hewa lilikuwa limeziba. Tulipobaki wawili nilimuuliza kilichonikaa rohoni miaka yote ile.

"Mzee, ulikuwa umejua kwamba ni nailoni?"

"Sikujua. Nirijua tu siku ire haikuwepo."

"Na wale mgambo?"

"Niriwaona," akasema, akamimina rubisi.

Nimemfikiria sana mtu yule, mwanangu, na kila nikimfikiria ninamvulia kofia. Angalia kibanda chetu kilikuwa kimejaa watu wa namna gani. Katibu alisema hujuma. Mama yangu alisema wageni wameitia jicho baya. Mimi nilisema imekufa. Kila mmoja wetu alimletea fundi hukumu, na fundi alikuwa anaomba kitu kidogo kuliko hukumu, yaani alichokiona mtu, kwa mpangilio alivyokiona. Babu yako hakuwa na elimu ya injini wala hakujifanya anayo. Aliweka mezani kila kitu kilichokuwepo siku mashine ilipokufa, pamoja na kile alichokifanya kwa mkono wake mwenyewe, kile kilichomtia aibu, na akamwachia fundi ufundi. Sijui kama mimi ningeweza, nikiwa na mgambo mlangoni.

Sasa hao wenzako waliokujibu kwamba kwao inafanya kazi, mimi siwajui, lakini nadhani hawakusema uongo, kama vile Fundi Salumu naye hakusema uongo siku ile ya kuku. Kwao pamefagiliwa. Simu zao nadhani ni mpya, mtandao wao haukatiki, chaji imejaa. Wewe ulikuwa unaijaribu hapa kwetu, kwenye ile simu yenye kioo kilichopasuka, mtandao unakuja na kuondoka kama mgonjwa wa homa. Kuna nailoni upande wako ambayo upande wao haipo. Waandikie tena. Wasimulie tangu ulipofungua mlango: ulishika simu gani, ulikuwa wapi, ulijaza nini, ulibonyeza nini, ulitegemea nini kitokee na kikatokea nini. Na kama ulibonyeza mara mbili kwa kukosa subira, au uliitoka programu katikati ukajibu ujumbe wa rafiki yako, andika na hilo pia, hata likikuonyesha mjinga. Hasa likikuonyesha mjinga. Usiwaandikie kwamba kazi yao ni mbovu, maana huo ni msemo wangu mimi na katibu. Na kama wapo wa aina ya Fundi Salumu, watakurudia wakuulize. Mtu akikuuliza imekufaje, mpende, hata kama ana sura ngumu.

Nakwambia haya si kwa kuwa nadhani huyawezi. Juzi na simu yangu niliona unayaweza. Hukunicheka kwa dharau, hukuninyang'anya simu, uliniuliza mpaka nikakumbuka mwenyewe kwamba nilikuwa nimeiacha juani juu ya bati la banda la kuku. Baba yako ni mtu wa kiburi, na ulinifanya niseme habari za bati la kuku bila kuona haya. Nilijisikia nimezaa mtu. Babu yako angekupenda vibaya sana.

Limebaki moja, halafu nakwenda kumsaidia mama yako kulifunga begi kabla halijapasuka.

Utafika, utapiga simu. Nitakuuliza habari za huko, na utanijibu nzuri, kwa sababu ndivyo tulivyokulea, na mtoto asiyejibu nzuri mtu mzima anashangaa amelelewa wapi. Jibu hivyohivyo. Lakini ukishasema nzuri, usikate simu. Wiki iliyopita ulinisiribia sakafu, Yustina, ukanichinjia kuku, nikaondoka nikijua mashine ni nzima, na wewe ulikuwa unazimika hapahapa nyumbani kwangu. Sitaki tena heshima ya namna hiyo. Mimi si mgeni wako. Niache niingie kwenye vumbi, nikae, unionyeshe nailoni. Huenda nisijue la kufanya, mimi si fundi. Lakini nitakaa kimya nisikilize mpaka hewa iingie.

Nasikia sauti yako nje, unacheka na mama yako. Naikunja barua hii upesi.

Baba yako.